Usalama wa mitandao kwa biashara Kenya: maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu KE-CIRT, NC4, ODPC na wenzao

Maswali haya yametoka kwa wenye maduka, ofisi za kutoa mizigo bandarini, maklini, shule za binafsi na masako madogo. Majibu ni ya Kenya, Tanzania tumeigusa kidogo huko chini kwa wale wana matawi pande zote mbili.

Kwani serikali ina ofisi ngapi za haya mambo? Kila mtu anataja yake.

Ziko kadhaa na ndo maana watu wanachanganyikiwa. Kwa biashara ya kawaida zile unafaa kuzijua ni nne. Kuna KE-CIRT, kituo cha kitaifa cha kushughulikia mashambulizi ya mitandao, ambayo iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, wale wa CA. Kuna NC4, hiyo ni kamati ya kitaifa iliyoundwa na sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya 2018. Kuna ODPC, ofisi ya Kamishna wa Data, hawa wanatokana na sheria ya kulinda data ya 2019. Halafu kuna DCI, polisi wa upelelezi. Kama wewe ni benki au kampuni ya malipo ongeza Benki Kuu, na hao ndo wakali kuliko wote.

Kila ofisi ina kazi yake na muda wake wa kuripotiwa. Shida ni kwamba hakuna karatasi moja inayokwambia haya yote kwa pamoja, mtu anakuja kuyajua siku ameshaibiwa.

KE-CIRT wanafanya nini hasa?

Wanachunga mitandao ya nchi masaa 24, wakiona hatari wanatuma tahadhari kwa mashirika yanayohusika, na wanapokea ripoti kutoka kwa mtu yeyote, kampuni kubwa au mama wa duka. Wana watu wa uchunguzi wa kidijitali pia na wanafanya kazi pamoja na polisi. Kuripoti ni bure. Unaweza kuandika kwa incidents@ke-cirt.go.ke au kutumia fomu iliyo kwenye websaiti yao.

Kila robo mwaka wanatoa ripoti. Isome, hata kurasa za kwanza tu, sababu inakwambia wezi wanapenda kupitia wapi kwa kipindi hicho.

Hizo ripoti zinasema mabilioni ya mashambulizi. Ni kweli ama ni kututisha?

Ni kweli ila uelewe kinachohesabiwa. Kati ya Januari na Machi 2025 waliripoti matukio zaidi ya bilioni 2.5. Hayo si mabilioni ya watu wameibiwa, mengi ni mashine zinazojaribu mlango mmoja baada ya mwingine kwa intaneti nzima, usiku na mchana, zikitafuta mfumo haujaapdetiwa ama paswadi ya kijinga. Seva yako ikijaribiwa mara elfu moja kwa saa ni matukio elfu moja. Kwa hivyo mimi hiyo namba kubwa sijali sana, ninachoangalia ni aina za mashambulizi, na kila robo utaona yaleyale: mifumo haijarekebishwa, virusi, kubahatisha paswadi.

Mimi nina duka tu, nani atanidukua?

Hizo mashine tumesema hapo juu hazijui kama wewe ni duka la Kongowea ama ni benki. Zikipata mlango wazi zinaingia, baadaye ndo binadamu anaangalia ameshika nini. Na duka lako lina nini? Lina laini ya M-Pesa, lina emaili inayoongea na masapulaya, lina namba za simu na vitambulisho vya wateja. Hiyo inatosha kabisa.

Tumepokea emaili ya sapulaya akisema akaunti ya benki imebadilika. Tulipe?

Hapana, usilipe kwanza. Hili swali tutalijibu kwa urefu sababu ndilo linalomaliza watu wa mizigo hapa Mombasa kuliko hata virusi.

Kawaida inakuwa hivi. Umeagiza mzigo Guangzhou ama Dubai, mmeongea wiki nzima kwa emaili, invoisi imekuja, umelipa dipoziti. Sasa inakuja emaili nyingine kwenye mazungumzo yaleyale, maneno yenu yote ya nyuma yako pale chini, logo ni ileile, muhuri ni uleule, jina la yule dada wa akaunti ni lilelile, na anasema kwa upole tu kwamba benki yao iko kwa ukaguzi kwa hivyo malipo yaliyobaki yaende kwa akaunti hii nyingine. Ukiangalia akaunti hiyo iko nchi tofauti kabisa na sapulaya wako. Hiyo ni dalili ya kwanza.

Dalili ya pili angalia anwani ya emaili herufi kwa herufi, na uangalie kwa kompyuta si kwa simu. Tuseme jina la kampuni lina herufi m. Kwa ile anwani ya mwizi hiyo m imeandikwa r na n zikiwa zimebanana, rn, kwa kioo cha simu huoni kitu hata ukivaa miwani. Wengine wanaongeza s mwishoni, wengine wanageuza .com kuwa .co.

Na usidhani alibahatisha. Mara nyingi mwizi ameshaingia kwenye emaili ya mmoja wenu, wako ama wa sapulaya, na amekaa kimya akisoma mpaka siku ya invoisi kubwa ifike. Hapo anapenda kuweka kitu kidogo sana kwenye setingi, sheria ya kufowadi, kila emaili yenye neno invoisi ama malipo inaenda kwake na kwako inafutwa. Leo hii ukimaliza kusoma fungua setingi za emaili ya ofisi, tafuta sehemu ya kufowadi na sehemu ya sheria, ukikuta anwani huijui, mtu alikuwa ndani.

Dawa ni simu. Mpigie sapulaya kwa ile namba ulikuwa nayo tangu zamani, usipige namba iliyo ndani ya hiyo emaili mpya, hiyo namba ni ya mwizi mwenyewe na atakujibu vizuri tu. Na bosi aweke kanuni ofisini, akaunti ya malipo haibadilishwi kwa emaili peke yake, hata emaili ikitoka kwa bosi mwenyewe. Yule kijana wa akaunti asiogope kukupigia saa mbili usiku kuuliza "bosi hii ni wewe?"

Sawa, tumeshavamiwa. Nampigia nani kwanza na nina muda gani?

Fuata mpangilio huu, pesa kwanza halafu karatasi.

Kama kuna pesa imetoka, benki ndo ya kwanza, saa hiyohiyo, hata kabla hujamwambia mtu wa IT. Waambie wajaribu kuzuia ama kurudisha. Pesa ikishatoka akaunti ya kwanza ikaenda ya pili na ya tatu, matumaini yanapungua haraka sana. Kama ni M-Pesa imeenda namba isiyo yake, ile meseji ya muamala ifowadi kwa 456.

Pili, toa hicho kifaa kwa intaneti, chomoa kebo, zima wifi, lakini usikifomati. Tunawaona wengi sana, mtu anaingiwa asubuhi, mchana kijana wa IT ameshaweka Windows mpya, jioni wanaenda polisi mikono mitupu. Piga picha za kioo. Ile emaili usiifowadi tu, isevu nzima kama faili, maana njia iliyopitia imeandikwa ndani yake na ukifowadi hiyo habari inapotea.

Tatu, polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Benki itaiuliza, bima ikiwa unayo itaiuliza, na kesi ya DCI itaanzia hapo.

Nne, ripoti ya KE-CIRT, siku hiyohiyo.

Sasa masaa. Sheria ya 2018 kifungu cha 40 inasema anayeendesha mfumo wa kompyuta, wa umma ama wa binafsi, anatakiwa kuiarifu ile kamati, NC4, kuhusu shambulio ndani ya masaa 24. Kutofanya hivyo ni kosa, faini mpaka shilingi 200,000 ama kifungo mpaka miaka 2 ama vyote viwili. Na kama data za watu zimechukuliwa na kuna hatari ya kweli ya wao kuumia, ODPC wanataka kujua ndani ya masaa 72 tangu ulipojua. Kama wewe unashika data kwa niaba ya kampuni nyingine, mfano unawatengenezea mishahara, unatakiwa umwambie mwenye data ndani ya masaa 48. Na wenye data wenyewe, wateja, nao waambiwe kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Kuna afueni moja: kama data ilikuwa imefungwa vizuri kwa usimbaji, yaani aliyeiba hawezi kuisoma, hulazimiki kumwandikia kila mteja. Peke yake hiyo inatosha mtu kusimba laptopu za ofisi.

Nikiripoti si nitakuwa nimejishtaki mwenyewe?

Hii ndo hofu kubwa na nawaelewa. Lakini fikiria upande wa pili, mteja akienda ODPC kabla yako, na wateja wanaenda, hapo ndo utaonekana ulikuwa unaficha. Ofisi hiyo inaweza kutoza mpaka shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo. Septemba 2023 walitoza shule moja ya Nairobi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na klabu moja 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja kwenye mitandao bila idhini. Angalia hakuna udukuzi hata mmoja hapo, ni picha tu.

Kingine, usiporipoti yule mwizi anaenda kwa jirani yako na ujanja uleule. Tahadhari za KE-CIRT zinatoka wapi kama si kwa watu walioingiwa wakasema? Kama kila mtu anameza, ofisi inabaki kuchunga mashine na namba, ile emaili ya rn hawaijui.

Wamefunga mafaili yote wanataka bitcoin. Nilipe?

Ushauri wetu usilipe. Hakuna anayekuhakikishia atakufungulia, na ukilipa wanajua wewe ni mlipaji. Kabla hujakata tamaa ingia kwa websaiti ya No More Ransom, ilianzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, wana funguo za bure kwa aina kadhaa za hivi virusi. Si zote. Lakini ni bure, jaribu.

Ukweli ni kwamba kinachookoa ni bakap, yaani nakala ya akiba ya mafaili yako, na bakap ambayo haijachomekwa kwa kompyuta. Mtu ana diski yake ya bakap imechomekwa mwaka mzima, virusi vikija vinafunga kompyuta na diski pamoja. Na rekodi za kodi unatakiwa uziweke miaka 5, KRA hawana swali kuhusu virusi.

Miundombinu muhimu ni nini? Sisi tumo?

Pengine hamumo. Ile sheria ya 2018 inaipa serikali nguvu ya kutangaza kwamba mfumo fulani ni muhimu kwa taifa, kama ukianguka utakata huduma za uhai kama maji, afya na umeme, ama utaumiza uchumi, ama utasababisha vifo vingi, ama utavuruga soko la fedha ama usalama wa nchi. Wenye mifumo hiyo wana mzigo mzito, kila mwaka wanapeleka ripoti kwa kamati kuonyesha wametii. Kanuni za 2024 zikaongeza habari ya vituo vya kuchunga usalama, cha kitaifa, cha kila sekta na cha kila mwenye mfumo.

Lakini usifunge ukurasa hapo. Kama unauzia hospitali kubwa programu, ama unafanya matengenezo ya mtandao kwa kampuni ya maji, masharti yao yatakushukia kupitia mkataba. Watakuuliza paswadi zako zinakaa wapi na nani ana ruhusa ya kuingia kutoka nje. Ujiandae kujibu maana tenda itapotelea hapo.

NC4 wenyewe ni akina nani?

Mwenyekiti ni katibu wa wizara ya usalama wa ndani, na ndani kuna ICT, mwanasheria mkuu, jeshi, polisi, ujasusi, CA, mkurugenzi wa mashtaka na gavana wa Benki Kuu. Kamati ya wazito. Ndo maana ukiwa na duka la viatu mlango wako wa kila siku ni KE-CIRT.

Ile ya eCitizen 2023 ilikuwaje? Data zetu ziliibiwa?

Mwisho wa Julai 2023 kundi linalojiita Anonymous Sudan lilidai kuangusha eCitizen, jukwaa lenye huduma zaidi ya 5,000 za serikali. Watu walikwama viza, tiketi za SGR, tokeni za stima, hata M-Pesa ikasumbua. Waziri wa ICT wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio na akasema hakuna data iliyopotea. Aina yenyewe ya shambulio haikuwa ya kuingia ndani, ilikuwa ya kuijaza maombi ya uongo mpaka ilemewe, ni kama watu elfu kumi wasio na safari wajipange foleni ya feri ya Likoni, wewe mwenye safari hufiki. Oktoba 2024 Marekani ikafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuendesha kundi hilo.

Kwa biashara somo lilikuwa rahisi tu na linauma. Huduma zikiwekwa kwa mlango mmoja, mlango ukifungwa wote mko nje. Duka ambalo halikuwa na njia ya pili ya kupokea pesa siku hiyo lilikaa tu.

Benki na masako yanabanwa na nani?

Benki Kuu ilitoa mwongozo wa usalama wa mitandao kwa mabenki 2017 na mwingine wa watoa huduma za malipo 2019. Bodi ya wakurugenzi yenyewe inawajibika, si kijana wa IT, na tukio likitokea linaripotiwa ndani ya masaa 24. Masako yanayopokea amana yako chini ya SASRA, mamlaka inayosimamia masako. Sako ndogo nyingi zinashea mfumo wa kompyuta kutoka kwa kampuni moja, hapo uliza maswali magumu, mfumo huo ukiingiwa ni sako nyingi kwa mkupuo.

Lazima nijisajili ODPC? Ni pesa ngapi?

Kama mauzo yako hayafiki milioni 5 kwa mwaka na una wafanyakazi chini ya 10 umesamehewa, LAKINI kuna kazi hazisamehewi hata uwe peke yako: afya, shule, hoteli na malazi, kamari, mikopo na fedha, kusimamia nyumba na kuuza ardhi, usafiri, kamera za ulinzi, kutangaza biashara moja kwa moja kwa watu, na nyinginezo. Kwa hiyo kliniki ya chumba kimoja inasajiliwa. Wadogo wanalipa 4,000, wa kati 16,000, wakubwa 40,000, cheti ni cha miezi 24 na kurinyuu ni bei ya chini. Unafanya mwenyewe kwa intaneti. Usimlipe mtu elfu kumi na tano "akusaidie".

Laini yangu ya biashara imekufa ghafla, kisha pesa ikatoka.

Hiyo ni laini kubadilishwa na mwizi, yaani namba yako imehamishiwa kadi ya simu iliyo mikononi mwake. Kimbia duka la mtandao na benki, usingoje asubuhi. Kwa Safaricom unaweza kuzuia mapema, piga *100*100# ufunge laini isibadilishwe isipokuwa wewe mwenyewe uende dukani na kitambulisho. Meseji za utapeli zifowadi kwa 333, bure.

Na marekebisho ya ile sheria ya 2018 yaliyosainiwa Oktoba 2025 yameitaja hii ya kubadilisha laini ya mtu kama kosa lake lenyewe. Korti kuu ilisimamisha baadhi ya vifungu vya marekebisho hayo muda mfupi baadaye, ugomvi ulikuwa upande wa unyanyasaji mtandaoni na uhuru wa kusema.

Mteja amenionyesha meseji ya M-Pesa kwa simu yake, nimpe mzigo?

Meseji ya kwake haikuhusu. Angalia yako.

Serikali itanipa programu ya bure ama watakuja kunisafishia kompyuta?

Watakushauri, watakutumia tahadhari, watachunguza. Kufagia ni juu yako. Hapo mimi naona wanaweza kufanya zaidi, tahadhari nyingi zimeandikwa kwa Kingereza cha mainjinia, mwenye duka la spea akisoma mstari wa pili ameshaacha. Mpaka hilo libadilike, fanya haya: apdeti zisingoje, emaili na M-Pesa ziwe na hatua ya pili ya kuingia, kila mfanyakazi na paswadi yake, na anayeacha kazi afutwe kwa mfumo siku hiyo anayoondoka. Hii ya mwisho inapuuzwa vibaya sana.

Nina tawi Tanga na Dar. Mambo ni yaleyale?

Yanafanana ila ofisi ni nyingine. Kule ni TZ-CERT iliyo ndani ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, sheria ya makosa ya mtandao ni ya 2015, na ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya 2022 ilianza kazi 1 Mei 2023, tume yake ni PDPC. Namba ya tapeli unaituma 15040, na *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usajili wa ODPC wa Kenya haukufunikii huko, kila nchi kivyake.

Kuna mtu amepiga simu anasema anatoka KE-CIRT, kompyuta yetu ina virusi, anataka tuweke programu aingie aisafishe.

Kata simu. KE-CIRT hawakuombi paswadi wala PIN, wala hawaingii kwa laptopu yako kwa simu ya ghafla. Andika hiyo namba uwatumie wao wenyewe kwa ile emaili ya hapo juu, na kama mfanyakazi alishaiweka hiyo programu, chomoa intaneti sasa hivi na urudi kwa swali la kuvamiwa.